Mkono Mmoja Wodini: Vidhibiti vya Vifaa vya Tiba na Haki ya Anayevishika

Wahenga walipolonga kuwa mkono mmoja haulei mwana, walikuwa wakiusifu ushirikiano katika malezi. Methali hii imenukuliwa katika insha za shule, hotuba za harusi na mikutano ya hadhara kiasi kwamba maana yake ya ndani imeifunika kabisa ile ya nje. Ni nadra siku hizi mtu kuisikia akaufikiria mkono wenyewe, wenye kiganja na vidole vitano. Hata hivyo, kuna mahali ambapo maana ya nje ya methali hii ndiyo yenye uzito. Mahali hapo ni chumba cha kujifungulia katika zahanati yenye mkunga mmoja tu zamu ya usiku. Mtoto amezaliwa na hakulia. Mama naye ameanza kuvuja damu kuliko kawaida. Mkunga ana mikono miwili na wagonjwa wawili, na kila mmoja wao anaihitaji yote miwili. Hapo mkono mmoja si tamathali ya usemi tena.

Makala haya yanashikilia kwamba namna kidhibiti cha kifaa cha tiba kinavyoundwa, kiwe ni kitufe, vali, wenzo au kifundo cha kuzungushwa, ni suala la uhai na mauti, wala si suala la starehe ya mtumiaji kama wengi wanavyolichukulia. Kifaa kinachodai mikono miwili pale ambapo mhudumu amebakiwa na mmoja huwa kimemtwika mgonjwa kosa la aliyekibuni. Kwa hiyo, wepesi wa kutumika kwa mkono mmoja sharti uwe miongoni mwa vigezo vya kununulia vifaa vya hospitali zetu, sambamba na bei na uimara. Huenda msomaji akajiuliza suala hili linatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu litajitokeza kadiri mjadala unavyoendelea, lakini ieleweke mapema kuwa kifaa, kama ilivyo barua, hutungwa na mtu kwa ajili ya mtu mwingine asiyekuwapo mbele yake. Mtunzi asiyemfikiria mpokeaji wake hawezi kulalamika anapoeleweka visivyo.

Tuanze na huyo mtoto asiyelia. Mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaliyozinduliwa mwaka 2010 na kuenea katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Tanzania, humtaka mkunga amkaushe mtoto, amchangamshe kwa kumsugua mgongoni, na iwapo bado hapumui, aanze kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika moja haijapita. Dakika hiyo imepewa jina la dakika ya dhahabu. Manufaa ya mafunzo hayo si haba: utafiti uliofanywa katika hospitali nane nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza za maisha vilipungua kwa asilimia 47. Lakini hebu tuitazame kazi yenyewe. Mkono mmoja unaishika barakoa juu ya pua na mdomo wa mtoto. Kidole gumba na kidole cha shahada vinaizunguka na kuibana isivuje, huku vidole vitatu vilivyosalia vikiinua taya ili njia ya hewa isizibe. Mkono wa pili unauminya mfuko takriban mara 40 kwa dakika, kwa nguvu ya kutosha kukiinua kifua na isizidi hapo. Barakoa ikivuja hata upande mmoja, hewa hupotea na kifua hakiinuki.

Mikono yote miwili imekwisha kupata kazi. Wakati huo huo, mama hutakiwa kudungwa uniti 10 za oksitosini katika dakika ile ile ya kwanza baada ya kujifungua, ili mji wa mimba ujikaze na damu isivuje. Dakika mbili za dhahabu zimegongana. Dawa hiyo aghalabu huja katika kichupa cha kioo ambacho lazima kivunjwe shingo, na hakuna aliyewahi kukivunja kwa mkono mmoja akabaki salama. Kisha dawa ivutwe kwa bomba la sindano, kazi nyingine ya mikono miwili. Wakunga wazoefu hujua hila ya kuiandaa sindano mapema, kabla kichwa cha mtoto hakijatokeza. Hila hiyo ni ya kusifiwa, ila yafaa tujiulize ni kwa nini uzoefu wa mkunga ndio unaozibishwa nyufa zilizoachwa na mwenye kiwanda.

Historia ya tiba ina ushahidi wa kutosha kwamba mkono umewahi kuwa mashine. Mwaka 1952, ugonjwa wa polio ulipoukumba mji wa Copenhagen, mashine za kuwapumulisha waliopooza misuli ya kifua hazikutosha hata kidogo. Daktari Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa watobolewe koo na wapulizwe hewa kwa mfuko ulioshikwa mkononi. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu kando ya vitanda, wakiminya mifuko hiyo usiku na mchana kwa majuma mengi. Vifo vilipungua sana. Mwaka 1956, katika nchi hiyo hiyo, mhandisi Holger Hesse na daktari Henning Ruben walitoa mfuko uitwao Ambu, ambao ukiuachia hujijaza hewa wenyewe. Mifuko ya awali ilijazwa kwa gesi iliyotoka kwenye mtungi, na mtungi ukiisha kazi imekwisha. Mfuko mpya haukudai chochote ila mkono. Ndio mama wa mifuko yote inayoning'inia leo katika kuta za vyumba vya kujifungulia, kuanzia Lodwar hadi Lamu.

Ilichukua zaidi ya nusu karne kwa wabunifu kuuliza swali jingine lililo wazi: je, mfuko huo umekaa vizuri juu ya barakoa? Katika umbo lililozoeleka, mfuko hulala upande, kwa hiyo mkono unaouminya huelekea kuivuta barakoa na kuipinda. Kampuni ya Laerdal Global Health ya Norwe iliunda mfuko uliosimama wima juu ya barakoa, unaojulikana kama Upright, ili nguvu ya kuushika na kuuminya ielekee chini, usoni mwa mtoto, badala ya kupotelea kando. Mfuko huo ulijaribiwa miongoni mwa kwingineko katika hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, mikononi mwa wakunga wanaoifanya kazi hiyo kila siku. Badiliko ni la pembe tu. Hakuna umeme ulioongezwa wala kompyuta, na jambo hili linafaa kuzingatiwa na wale wanaodhani kwamba kila uboreshaji sharti uje na skrini.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, na wala hakiingii kwa kubisha hodi. Lugha hii ina hazina kubwa ya vitenzi vya mkono, na kila kitenzi hubeba kipimo chake cha nguvu, muda na idadi ya vidole. Kubonyeza ni kusukuma kwa ncha ya kidole kisha kuachia. Kufinya ni kazi ya vidole viwili. Kuminya huhusisha kiganja. Kukamua ni kuminya kwa nia ya kutoa kila kilichomo, kama afanyavyo mkamuaji wa ng'ombe au mfuaji nguo. Kusokota hudai kifundo cha mkono kigeuke. Kufyatua ni kuiachilia nguvu iliyokuwa imezuiliwa. Sasa linganisha kushika na kushikilia. Kiambishi cha kutendea kilichorudufiwa katika kitenzi hiki cha pili huleta dhana ya kuendelea bila kuachia, na hiyo ndiyo tofauti kuu kati ya kidhibiti kinachouachia mkono na kinachouteka. Kifaa cha kubonyezwa mara moja humrudishia muuguzi mkono wake. Kifaa cha kushikiliwa huufanya mkono huo kuwa sehemu ya mtambo.

Tofauti hizi si za kujifurahisha kiisimu. Mwelekezi akimwambia mwanafunzi wa uuguzi akamue mfuko wa hewa, mwanafunzi atakayetii neno lenyewe atauminya hadi kuta zigusane, na mapafu ya mtoto mchanga hayastahimili hewa yote hiyo. Akiambiwa auminye mpaka kifua kiinuke, ameelekezwa sawasawa. Mbunifu naye angeelezwa kazi kwa vitenzi hivi angejua anatakiwa kuunda nini: hapa muuguzi ameshikilia, kwa hiyo kilichosalia sharti kiwe cha kubonyezwa, tena kwa mkono ule ule.

Kuna vifaa ambavyo wabunifu wake walilijua hilo bila kufunzwa. Chukua laringoskopu, kifaa cha kulitazamia koromeo mgonjwa anapotiwa mpira wa kupumulia. Ubapa uliopindwa wa Robert Macintosh, uliotolewa mwaka 1943, hushikwa kwa mkono wa kushoto na umeundwa makusudi kuusukumia ulimi kushoto, ili mkono wa kulia ubaki huru kuupenyeza mpira. Betri zimo ndani ya mpini. Swichi ya taa haipo kabisa: kitendo cha kuukunjua ubapa ndicho kinachoiwasha taa. Daktari hana haja ya kutafuta kitufe gizani wakati mgonjwa anakata roho. Ama kwa hakika, ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa adabu ya mbunifu kwa mtumiaji wake.

Mfano wa pili ni wa kila siku, nao ni mpira wa mashine ya kupimia shinikizo la damu. Scipione Riva-Rocci wa Italia alitoa mashine yenye kifungo cha kujazwa hewa mkononi mwaka 1896. Mwaka 1905 daktari wa Kirusi Nikolai Korotkoff akaeleza namna ya kusikiliza mapigo kwa stethoskopu chini ya kifungo hicho, na tangu hapo mkono mmoja wa mpimaji ukawa mali ya stethoskopu. Mkono uliosalia ndio unaojaza hewa kwa kiganja, kisha kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono huo huo vikaizungusha vali ndogo kuitoa hewa taratibu. Ni ubunifu uliokomaa. Lakini vali hiyo ikishika kutu au ikikazwa kupita kiasi, mpimaji mwenye vidole vifupi hulazimika kuiachia stethoskopu ili aifungue kwa mikono miwili, na hewa ikitoka kwa kishindo, kipimo huwa cha kubahatisha. Huko ndiko kosa dogo la skrubu linakozaa namba isiyo sahihi katika faili la mama mjamzito, na kwa mama mjamzito namba hiyo ndiyo inayotofautisha anayerudishwa nyumbani na anayepelekwa hospitali kuu.

Mrija wa kufyonzea makohozi nao una kitundu kando ya shina lake. Kidole gumba kikikiziba, mrija hufyonza. Kikikifunua, ufyonzaji hukoma. Hakuna kitufe, na mkono unaouelekeza mrija ndio huo huo unaoudhibiti. Tena kuna usalama ndani yake, maana mhudumu akishtuka au akivutwa, kidole huondoka na kifaa huacha kufyonza. Faneli ya Adolphe Pinard ya mwaka 1895, ile ya mbao ambayo wakunga wetu huisikilizia moyo wa mtoto tumboni, huenda mbali zaidi: mkunga aliyefunzwa vyema huishikilia kwa sikio, akaiachia mikono yote, mmoja uhisi mshipa wa mama na mwingine ubaki huru. Vipimio vya kisasa vya kushikwa mkononi viliiondoa faida hiyo, kwa kuwa mkono mmoja hushika kipokezi na mwingine hushika kisanduku. Si ajabu kwamba kifaa kilichotungwa baadaye kwa ajili ya mazingira kama ya Tanzania kilirudisha mikono kwa mwenyewe kwa kuufunga mkanda tumboni mwa mama. Kifaa hicho kinaitwa Moyo, na jina hilo limetoka kwetu.

Dhidi ya hivi kuna orodha ndefu ya vifaa visivyomjali mtu. Mitungi midogo ya oksijeni hufunguliwa kwa ufunguo wa chuma ambao, kama kila chombo kisichofungwa penye kazi yake, huwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda nyumbani. Vifundo vya duara vilivyo laini huteleza katika glavu iliyolowa. Wenzo mfupi ungeshindaje? Ungesukumwa kwa kiwiko, kama yasukumwavyo mabomba ya maji mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na hakuna anayeuliza kwa nini wazo zuri hivyo liliishia kwenye maji.

Sindano inastahili aya yake. Kuirudishia sindano kifuniko chake kwa mikono miwili ni miongoni mwa njia za hakika za kujidunga na kuambukizwa virusi vya ukimwi au homa ya ini. Ndiyo maana wauguzi hufunzwa kutokifunika kabisa, na inapobidi, wakichote kifuniko kilicholazwa mezani kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukiwa mbali. Ni jambo la kustaajabisha kwamba kwa zaidi ya karne moja tangu bomba la sindano lianze kutumika katika miaka ya 1850, dawa ya hatari hiyo ilikuwa ni maonyo kwa mtumiaji, si kubadilisha kifaa. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na UNFPA yalitoa tamko la pamoja kuhimiza mabomba yanayojifunga baada ya kutumika mara moja yatumiwe katika chanjo zote kufikia mwisho wa mwaka 2003. Mwezi Februari 2015 WHO ikahimiza mabomba yenye kinga yaenee katika sindano za tiba pia kufikia mwaka 2020. Mengi ya mabomba yenye kinga ya ncha hufungwa kwa kidole cha mkono ule ule ulioshika. Kanuni iliyofichika humo ni moja: pale mtu anaposhindwa mara elfu kufuata agizo, agizo ndilo lenye kasoro.

Kifaa kilichoiheshimu kanuni hiyo zaidi ni Uniject, kilichobuniwa na shirika la PATH. Ni kifuko kidogo cha plastiki chenye sindano fupi na dozi moja ndani yake. Hakina bomba wala kichupa cha kuvunjwa. Mtu hukifinya kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, dawa ikaingia. Oksitosini imewahi kutiwa katika kifuko cha namna hii na kujaribiwa nchini Ghana na wahudumu wa vijijini waliowahudumia akina mama wanaojifungulia nyumbani; matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Dawa ya kupanga uzazi ya kudungwa chini ya ngozi nayo hutolewa kwa kifuko hicho, dozi ya miligramu 104 inayodumu miezi mitatu, na nchini Uganda wanawake wamefunzwa kujidunga wenyewe. Mkono mmoja hufinya ngozi ya paja au tumbo ikainuka, mwingine hukifinya kifuko taratibu kwa sekunde 5 hadi 7. Ni kweli kuwa kukitayarisha kwanza, kwa kukisukuma kifuniko kiingie, bado ni kazi ya mikono miwili. Lakini hatua hiyo huja kabla ngozi haijashikwa, na mpangilio wa hatua ni sehemu ya ubunifu. Mwanamke aliyekuwa akisafiri mwendo mrefu kila baada ya miezi mitatu ili adungwe na mwenye ujuzi, sasa ujuzi umewekwa ndani ya kifaa chenyewe.

Lipo jambo jingine ambalo lugha yetu imelihifadhi bila sisi kuligutukia. Katika Kiswahili cha kale, mkono wa kulia ni mkono wa kuume, na wa kushoto ni wa kuke. Nguvu na heshima zilitengewa upande mmoja kwa jina. Vifaa vya tiba vimeyafuata mawazo hayo hayo kwa miaka mingi ingawa wabunifu wake hawakujua neno hata moja la Kiswahili. Makasi ya upasuaji hukata vyema katika mkono wa kulia, na kikamatio cha sindano ya kushonea hufunguka kwa shida katika mkono wa kushoto. Watafiti wa upasuaji wa matundu madogo wameripoti mara kwa mara kuwa madaktari wenye mikono midogo, wengi wao wakiwa wanawake, huviona vifaa hivyo vikubwa na vya kuumiza, hata wakalazimika kutumia mikono miwili pale ambapo mwenzao mwanamume anatumia mmoja. Katika nchi ambayo wauguzi wake wengi ni wanawake, kifaa kilichopimwa kwa kiganja cha mwanamume mwenye mwili mkubwa ni kifaa kilichomsahau mwenye kazi. Na vipi kuhusu muuguzi mwenye ulemavu wa mkono, au mgonjwa wa kiharusi anayetakiwa kujidunga insulini kila siku kwa mkono uliobaki? Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vyake. Haki hiyo huanzia kwenye kifuniko cha kalamu ya insulini kisichofunguka kwa vidole vya mkono mmoja.

Zipo hoja za kupinga, na mbili zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mikono miwili wakati mwingine ni kinga. Kifuniko cha chupa ya dawa hudai kubonyezwa na kuzungushwa kwa pamoja ili mtoto asikifungue. Kitufe cha mashine ya eksirei hushikiliwa ili mwale ukome mara kinapoachiliwa. Hoja hii ni ya kweli, lakini haipingi yaliyosemwa hapa. Inachodai ni kwamba ugumu uwekwe kwa makusudi, pale ambapo kukosea ni hatari kuliko kuchelewa. Ugumu wa kichupa cha oksitosini hauna kusudi la aina hiyo.

Hoja ya pili ni kali zaidi na haipaswi kupitwa haraka. Je, kifaa cha mkono mmoja si kisingizio cha kumwacha muuguzi peke yake? Serikali inaweza kusema: maadamu mfuko huu unatumika na mtu mmoja, ajira ya pili ya nini? Hofu hii ina msingi. Ada za kujifungua katika vituo vya umma zilifutwa Juni 2013, na kwa mujibu wa takwimu za kitaifa, akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka asilimia 43 mwaka 2008/09 hadi asilimia 82 mwaka 2022. Vitanda vilijaa, mikono haikuongezeka kwa kasi hiyo. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano, ulikuwa na mengi ndani yake, na uchovu haukukosekana. Isitoshe, wataalamu wenyewe hukiri kwamba barakoa ikishikwa na mtu mmoja kwa mikono miwili huku mwenzake akiuminya mfuko, hewa haivuji kwa urahisi. Wawili ni bora kuliko mmoja, na hakuna ubunifu utakaoliondoa hilo.

Hata hivyo, anayekataa kifaa bora kwa sababu serikali inaweza kukitumia vibaya anamtumia mtoto wa usiku wa leo kama hoja katika mabishano ya bajeti ya mwaka ujao. Madai haya mawili yaende pamoja: mkunga wa pili aajiriwe, na hadi atakapofika, wa kwanza apewe kifaa kinachoitambua hali yake. Tena hata atakapofika, kuna siku atakuwa ameshika mgonjwa mwingine.

Kinachosalia ni ununuzi. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti ndizo zinazonunulia vituo vyake sehemu kubwa ya vifaa, na zabuni zake huandikwa kwa lugha ya idadi, bei na muda wa dhamana. Mpango wa kitaifa wa kukodisha vifaa ulioanza mwaka 2015 ulipeleka mitambo katika hospitali 98, na kamati ya Seneti iliyouchunguza ilieleza mwaka 2020 jinsi baadhi ya mitambo ilivyokaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au majengo. Katika kelele zote zilizofuata kuhusu fedha, ambazo zilikuwa kelele halali, swali la nani aliulizwa kabla ya kununua halikupata nafasi. Mnamo Septemba 2023 serikali iligawa vifaa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, vikiwemo vya kupimia shinikizo la damu vyenye kitufe cha kubonyezwa. Hiyo ni hatua njema. Vifaa vya aina hii, hata hivyo, kwa kawaida huandikwa Kiingereza, na kitufe kimoja kisichosomeka kinaweza kuwa kigumu kuliko vitufe viwili vinavyosomeka. Idara zetu za Kiswahili, ambazo hutoa tasnifu kila mwaka kuhusu istilahi, zingeweza kuandika maelekezo ya vifaa hivyo kwa vitenzi vilivyopimwa kwa mkono: bonyeza, shikilia, achia. Kazi hiyo haihitaji ufadhili wa kigeni. Inahitaji mtafiti akae kituoni kwa siku kadhaa na kutazama vidole.

Jaribio la kabla ya ununuzi nalo si gumu. Meza moja, mwanasesere wa mafunzo, glavu zilizoloweshwa kwa maji ya sabuni, saa ya ukutani, na taa izimwe kwa sehemu ya muda, kwa sababu umeme hukatika. Waitwe wauguzi wa zamu ya usiku kutoka zahanati za mbali, wenye viganja vidogo na vikubwa, wa kulia na wa kushoto. Kila mmoja akitumie kifaa kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika kitu kingine kisichoweza kuachwa. Muda uandikwe, makosa yahesabiwe, na karatasi hiyo iambatishwe kwenye zabuni kabla mwakilishi wa kampuni hajaanza kuonyesha picha zake. Wauguzi hao walipwe nauli na posho ya siku kama wanavyolipwa wajumbe wengine wa kamati.